Fundi wa Majina ya Mgongoni

Fundi alikuwa akimsoma mtu mgongo kabla hajamtazama uso. Tukisimama kituoni Grant Street na mifuko yetu ya sombe, majani ya muhogo, na unga, tukingoja basi la kwenda Riverside, mimi nilitazama kama basi linakuja, yeye alitazama migongo. Buffalo ni mji wa hoki ya barafuni, na baridi ikishaanza utadhani sheria imepitishwa kwamba kila mtu avae jezi yenye jina la mchezaji.

"Ile ni gundi," angesema. "Ile pia gundi. Ile... ngoja, Mama Neema. Ile ni uzi, lakini mwenye alishona alikuwa na njaa."

Siku moja maneno hayakumtosha. Mbele yetu alisimama mwanaume mkubwa ajabu, na jina mgongoni limeanza kuinuka pembeni. Fundi akaibana herufi ya mwisho kwa vidole viwili, akaikunja kidogo, akatikisa kichwa kama daktari. Yule mtu akageuka. Mimi nilikwishaanza kuomba kimoyomoyo. Kiingereza cha Fundi kilikuwa cha maneno machache, na yote ya kazini. "Sori," akasema. "Hii glu. Mimi uzi." Yule mtu akacheka mpaka theluji ikamdondoka mabegani, na wiki iliyofuata akaileta jezi yake kwenye karakana ya jezi tulikofanya kazi, nilikomwelekeza.

Sitasema Fundi alizaliwa wapi wala ni mwana wa nani. Hayo kwetu watu huyasimulia mpaka chai inapoa, na ukimaliza hujajua kitu juu ya mtu mwenyewe. Nilimfahamu Louisville, nikafanya kazi ubavuni pake Buffalo, nikakaa naye kwa mara ya mwisho Columbus, yote kati ya 2013 na 2016. Katika miji yote mitatu sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Sisi Wakongo tuliotoka Kivu Kusini tulimwita Fundi, na mimi nilimwita Papa Fundi kwa kuwa ana umri wa baba yangu. Yeye aliniita Mama Neema, kwa jina la binti yangu wa kwanza.

Louisville alikuwa anashona sare za kwaya sebuleni kwake, cherehani ikiwa mezani na sahani za chakula zikiwa sakafuni. Mimi siku za kazi nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala, na Jumamosi nilikwenda kwake kujifunza. Alikuwa mwalimu mgumu. Pindo la kwanza nililoshona alilifumua lote mbele yangu, polepole, akanirudishia kitambaa. La pili vilevile. La tatu aliliangalia, akalikunja, akaniambia nikamsaidie mke wake kupika. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa, lakini nilichelewa kujua.

Kisha akahamia Buffalo kwa sababu ndugu mmoja wa kanisa alimwambia kuna karakana inatafuta mikono inayojua cherehani. Miezi mitatu haikuisha akanipigia simu. "Mama Neema, kuya. Huku wanashonaka majina ya watu ku mugongo, na wanashona vibaya!" Alisema neno la mwisho kwa furaha kubwa. Nikaenda.

Karakana ilikuwa Lackawanna, mabasi mawili kutoka nyumbani, katika jengo la matofali ambalo zamani lilihusika na mambo ya chuma. Bosi wetu alikuwa mzee Mzungu wa hapohapo, mwenye masikio makubwa na huruma aliyoificha chini ya makelele. Kazi ilikuwa hivi. Herufi hukatwa kwenye kitambaa kigumu, hupangwa rangi juu ya rangi, mbili au tatu. Jezi ya kawaida ya shabiki hubandikwa herufi kwa gundi na pasi kubwa ya moto, basi. Jezi halisi, ile anayovaa mchezaji mwenyewe, gundi huishika herufi mahali pake tu, halafu mshono wa zigizaga huzunguka kila ukingo kwa uzi wa rangi ileile. Jina hushonwa kwanza kwenye kipande chake, na kipande ndicho hushonwa kwenye jezi. Mshono ukipotea njia kidogo tu, macho ya watu elfu kumi na zaidi yatauona.

"Gundi ni uchumba," Fundi alitufundisha. "Uzi njo ndoa." Wanawake wanne wa Kikongo tuliokuwa pale tuliusema msemo huo mpaka Bosi akauomba atafsiriwe, na akaucheka, na kesho yake nikamsikia akiwauzia wateja kama wa kwake.

Fundi alikuwa na haja moja, nayo aliisema wazi kwa kila aliyetaka kusikia: jezi aliyoishona kwa mkono wake ifike barafuni, kwenye mechi yenyewe, mgongoni mwa mchezaji. Tulikuwa tunashonea mashabiki, watoto wa shule, timu ndogo za wazee wenye vitambi. Jezi za timu kubwa ya mji zilikuwa zinashonwa kwingine. Mwaka wa pili Bosi akaanza kumpa Fundi jezi halisi za wateja wenye pesa zao, akamwambia kuwa akiendelea hivi, atamwonyesha kazi yake mtunza vifaa wa timu. Tangu siku hiyo Fundi alivaa tai kazini kila siku, chini ya aproni, na Bosi asiyejua habari akadhani ni mambo ya dini.

Dini alikuwa nayo pia, na nyingi. Alikuwa shemasi, anaimba besi vibaya kwa sauti kubwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ugomvi hakuuvumilia hata chembe. Kikao cha wazee kikipandisha sauti, alichukua kofia yake akaenda kusimama nje kwenye theluji mpaka wapoe. Glavu hakuvaa, eti vidole vya fundi vikizoea kufunikwa vinasahau. Alisema macho yake ni mazima, huku akivaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine juu ya kichwa, na akibadilisha akidhani hatumwoni. Alikuwa bahili wa sifa na mkarimu wa chakula, na ukimshukuru alikasirika.

Sasa mtu wa namna hii, asiyependa ugomvi, ndani ya jezi halisi ya hoki kuna kitu kilichomngoja. Chini mgongoni, upande wa ndani, hushonwa mkanda mfupi mgumu wenye vifungo vya chuma. Miezi ya mwanzo ya jezi hizo Fundi aliushona akiusifu sana. "Wazungu wanajua kutunza nguo," aliniambia. "Tazama, hata kitanzi ya kuanikia wameweka, tena nguvu hivi." Mimi ndiye niliyemharibia. Niliona kwenye simu wachezaji wawili wakipigana barafuni, waamuzi wakiwatazama tu, na mmoja akimvuta mwenzake jezi mpaka ikamfunika kichwa, akawa anampiga kipofu. Mkanda ule hufungwa kwenye suruali ili jezi isivulike mtu akipigana. Nilimwonyesha Fundi. Akaitazama video mara tatu, akazima cherehani yake, na siku ile hakushona tena.

Nilidhani ataacha kazi, na nilijilaumu. Asubuhi akaja na tai yake, akaketi, akavuta mkanda wa kwanza.

"Nilifikiri usiku," akasema. "Kule kwetu ku bariere, Mama Neema, unakumbuka vile walikuwa wanafanya watu."

Nilikumbuka. Vizuizini barabarani, wenye bunduki waliwavua baba za watu nguo mbele ya watoto wao. Hakuna aliyetoka kwetu asiyekumbuka.

"Bon. Hii mukanda si ya vita. Vita ni yao, Mungu atawauliza. Hii ni ya mtu asivuliwe mbele ya watu. Nitaishona."

Aliushona mara mbili ya ilivyoagizwa, safu mbili za ziada kila upande, na Bosi alipolalamika kwamba uzi unaisha, Fundi alijifanya hajui Kiingereza.

Na majina aliyaheshimu hivyohivyo. Wachezaji wale hutoka kila nchi ya baridi, majina yao marefu, magumu mdomoni. Fundi hakuanza kushona jina mpaka amelitamka. Alimwita Bosi, akamwonyesha kwa kidole, akalirudia mpaka Bosi aseme sawa. Tukimcheka alisema: "Huyu ni mutoto ya mutu. Mama yake iko anaangalia ku televizio." Herufi ya mwisho ndiyo aliyoihofia kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo uzi hufungwa, na mshono mvivu huanza kufumuka hapo. Alikuwa anaipitia kwa ukucha, mara moja kwenda, mara moja kurudi.

Kosa letu kubwa lilitokea kwa sababu ya malezi mema, na mpaka leo likinijia naona haya. Mtu mmoja alileta jezi halisi ya zamani, herufi moja ya jina imeinuka. Bosi akamkabidhi Fundi, akasema ni herufi hiyo tu. Tulielewa maneno. Lakini jezi yenyewe, jamani! Kola ina damu iliyokauka, mikono ina alama nyeusi za kile kidude cha mpira wanachokipigania, na kiwiko kimoja kina matundu saba. Kwetu mteja mwenye adabu huomba kidogo, na fundi mwenye adabu humalizia. Mtu anayeleta nguo ya namna ile akasema herufi tu, maana yake anaona aibu kusema mengine.

"Aibu ya mteja ni aibu ya fundi," Fundi akasema. "Mama Neema, utaosha. Mimi nitatengeneza mukono."

Nikaenda nayo nyumbani Riverside. Damu haioshwi kwa maji ya moto, hilo wanawake wa kwetu tunalijua kuliko tunavyopenda. Niliiloweka kwenye maji baridi na chumvi, nikasuuza mara tatu, nikaianika sebuleni. Fundi akachukua siku mbili kwenye kile kiwiko, akichomoa nyuzi za upindo wa ndani wa jezi yenyewe na kufuma tundu moja baada ya jingine. Alipomaliza niliutafuta mshono nikaukosa. Tuliikunja ndani ya karatasi safi. Nilijivuna kama mama wa bibi harusi.

Mwenye jezi alikuja, akafungua karatasi juu ya meza, akatazama kola. Akauliza iko wapi. Tukadhani anaulizia herufi, na Fundi, mkono kifuani, akamwonyesha. Yule mtu akavuta mkono wa jezi, akatafuta kiwiko, akakaa kwenye kiti, akashika kichwa kwa mikono miwili. Bosi akawa mwekundu. Ilichukua muda kutuelewesha: jezi ile ilivaliwa kwenye mechi ya kweli, na huyu aliinunua kwa ajili ya damu ile na matundu yale. Ndiyo yalikuwa ushahidi. Sisi tulikuwa tumeufua.

Nikafungua mdomo niseme ni mimi niliyeiosha. Fundi akaniwahi. "Mimi," akasema kwa Kiingereza. "Mimi osha. Mimi shona."

Kwenye basi nikamwambia, "Papa Fundi, wewe ni shemasi na umesema uongo."

"Nani alikuambia uoshe?"

"Wewe."

"Bon," akasema kwa Kifaransa, kama kusema basi, akageukia dirishani. Hakulitaja tena.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwenye jezi aliikataa jezi yake, ikabidi ibaki kwa Bosi, naye akaitundika kwenye msumari karibu na mlango ili kila asubuhi tupite mbele ya kosa letu. Hakumfukuza Fundi. Alimfanyia kitu kibaya zaidi: alimwondoa kwenye cherehani akampeleka kwenye pasi ya gundi. Habari za kumwonyesha mtunza vifaa hazikutajwa tena. Baridi nzima yule mzee, aliyetufundisha wote, alisimama na tai yake akibandika herufi, anainua pasi, anashusha pasi, akihesabu sekunde kwa Kifaransa. Nililia chooni zaidi ya mara moja. Nilipomwomba aniruhusu nikamwambie Bosi ukweli wangu, alikataa. "Acha," alisema. "Sasa niko muchumba ya kila mutu." Akacheka peke yake. Na hata zile za gundi alizibandika kwa kunyoosha na rula, moja moja.

Msimu mpya ulipokaribia, mtunza vifaa wa timu kubwa alipita karakanani kwa shughuli yake nyingine na Bosi. Bosi, akitaka kumchekesha, akaishusha ile jezi msumarini akamsimulia wendawazimu wetu. Mtunza vifaa hakucheka. Aliugeuza mkono ndani nje, akaupeleka dirishani kwenye mwanga, akaupapasa kwa vidole. Akauliza matundu yalikuwa mangapi. Saba. Yeye aliyaona mawili. Akasema jezi zake huchanika kila mechi, na kila anayempa amtengenezee huacha kovu. Akauliza nani alifanya hii. Bosi akaelekeza kidevu kwenye pasi.

Chema chajiuza, lakini sikuwahi kuona kikijiuza kutoka msumarini. Wiki iliyofuata ukaja mfuko wa jezi za kutengeneza, na mwezi uliofuata jezi mpya nyeupe, ya kuchezea ugenini, ya mchezaji aliyehamia timuni, mwenye jina refu kuliko yote tuliyowahi kushona. Fundi alimtamkisha mtunza vifaa jina lile mara nne. Alilishona kwa siku nzima, hakula. Mkanda wa ndani aliupa safu zake za ziada. Jioni akapitisha ukucha kwenye herufi ya mwisho, kwenda na kurudi, akaikunja jezi, akavaa kofia akatoka bila kuaga. Bosi akaja akasimama karibu na kiti chake kitupu, akashika shavu. Ile ya msumarini hakuitundika tena.

Ungedhani hapo haja yake ilitimia. Haikutimia. Jezi ile nyeupe haivaliwi Buffalo, na televisheni ilikuwa imekwisha kuwa ukungu kwake. Miwani miwili haikutosha tena. Asubuhi moja alijipitisha sindano ya cherehani kidoleni, akabaki anakitazama kidole kama cha mtu mwingine, na ndipo sote tukajua. Binti yake akaja kutoka Columbus akamchukua. Jezi yake ilikuwa barafuni mahali fulani, katika miji asiyoijua, na yeye hakuwahi kuiona.

Nilimwona tena msimu uleule, nilipokwenda Columbus kwenye harusi. Alikuwa ameketi sebuleni kwa binti yake, tai shingoni, akinusa hewa ya mlangoni kabla sijasema hodi. "Mama Neema," akasema. "Unanuka mafuta ya mashini." Daktari alikuwa amempangia kumfanyia upasuaji jicho moja, na jicho lenyewe lilikuwa halina hakika. Niliwaambia kwamba timu ya Buffalo iko mjini wiki ile, inacheza ugenini. Binti yake akachukua koti.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia kwenye ukumbi wa hoki. Baridi ilitoka chini kwenye barafu, ngoma zikipigwa, watu wa Columbus wote wamevaa rangi yao, na sisi watatu katikati yao na nguo za kanisani. Fundi aliniuliza migongo ya waliokaa mbele yetu. "Gundi," nikamwambia. "Gundi. Uzi. Gundi." Akaridhika. Wachezaji wa Buffalo walipoingia na jezi zao nyeupe, nililitafuta lile jina refu nikaliona, nikamshika mkono. Niliukaza. Akaelewa.

Kipindi cha pili wakapigana. Huyuhuyu wetu! Mtu wa Columbus alitupa glavu, akamshika jezi mabegani kwa mikono miwili, akaanza kuivuta kuelekea kichwani, na ukumbi mzima ukasimama. Fundi pia akasimama. Shemasi, mtu wa kutoka nje kwenye theluji wazee wakipandisha sauti, alinyanyua ngumi.

"Anavuta?"

"Anavuta, Papa Fundi."

"Avute!" akapiga kelele kwa besi yake yote. "Vuta! Vuta tena!" Watu wa Columbus wakageuka kututazama, wakidhani ni mwenzao.

Yule mtu akavuta mpaka akateleza. Jezi ilipanda hadi mbavuni ikagoma hapo. Akavuta tena, ikagoma.

"Imetoka?" Fundi akaniuliza, mkono wake ukiniumiza mkono.

"Haikutoka."

"Na jina?"

"Liko."

"Herufi ya mwisho, Mama Neema. Angalia muzuri."

Waamuzi walikuwa wanawafikia. Mchezaji wetu akageuka, mgongo wote ukaja upande wetu chini ya taa, mweupe, umechafuka damu kidogo begani, na nikazisoma herufi zote moja moja mpaka ya mwisho, imelala pale alipoilaza.

"Iko palepale, Papa. Haijainuka hata uzi."

Akakaa. Akainyoosha tai yake, akaifuta mikono kwenye magoti.

"Bon," akasema. "Sasa wawaachanishe."